Masahihisho ya Asubuhi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, nilibonyeza kitufe na programu yangu ikaanza kuweka nambari za kurasa kwenye kitabu cha nyimbo cha kwaya ya akina mama. Nyimbo zote zilikuwa zimeshachapwa. Kilichobaki kilikuwa masahihisho, mpangilio wa kurasa, kisha kupeleka kazi kwa mpiga chapa aliye Nsungwi, Lilongwe. Nilikadiria wiki mbili. Zikawa tano, na hadi leo nikiusikia wimbo wowote wa kitabu kile kanisani, ninachokumbuka kwanza ni kwamba ulipotea.

Kazi ilikuwa ya sekretaria iliyo upande wa juu wa soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi. Kwa mtu aliyetoka Bukavu au Uvira, kule Kongo, neno sekretaria halihitaji maelezo. Ni chumba cha kuandikiwa barua, kupigwa picha ya kitambulisho na kutolewa fotokopi, na ukikaa sana kwenye benchi lake utajua habari za kambi nzima. Mwenyewe ni mzee wa Bukavu, karani wa zamani, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno machache. Anayechapa ni mama mmoja wa Fizi, ambaye kwao alifundisha shule ya msingi. Anachapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia klavie, yaani kibodi, jambo ambalo mimi sijaliweza. Mzee humlipa kwa nusu siku, kwacha elfu moja na mia tano kwa asubuhi na kiasi hicho hicho kwa mchana, kama alivyowalipa wote waliopita pale. Nataja malipo haya mapema kwa sababu ndiyo yaliyokuja kumuumiza.

Mimi sikuwa mwajiriwa wa pale. Ninatengeneza kompyuta za watu na kuandika programu ndogo ndogo. Sikusomea. Nilianza na mwongozo wa Kifaransa usio na jalada, nikaendelea kwa simu, na nikajizoeza kutoamini kitu mpaka nimekijaribu mara mbili. Kwa kitabu hiki niliahidiwa kwacha elfu sitini kazi ikimalizika.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Mashine kubwa, ambayo mama alichapia, ilikaa karibu na dirisha. Laptopu yangu ilikaa kwenye meza ya nyuma. Kebo na kisanduku kidogo cha mtandao viliziunganisha. Kila wimbo ulikuwa faili moja, na faili zote zilikuwa kwenye folda ya mashine kubwa iliyofunguliwa kwa pamoja, ili mashine nyingine ziweze kuingia na kusoma. Nami nilikuwa na nakala ya kila wimbo kwenye laptopu kwa ajili ya mpangilio. Kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, programu yangu iliweka nambari za kurasa kwenye nakala zangu. Saa kumi jioni ililinganisha nakala zangu na faili za mama, wimbo kwa wimbo. Ile iliyoandikwa mwisho ndiyo iliyoshinda, nayo ikanakiliwa juu ya nyingine.

Ili programu iweze kuingia kwenye folda ya mashine nyingine, nilitumia maktaba. Waandishi wa programu tunaita hivyo mkusanyiko wa kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo mtu anaichukua na kuijenga ndani ya kazi yake. Maktaba hii ilijua kubisha kwenye mashine ya mbali, kutoa neno la siri, kuomba orodha ya faili pamoja na muda ambao kila moja iliandikwa mara ya mwisho, kisha kusoma na kuandika. Kuandika mambo hayo mwenyewe kungenichukua miaka. Ilikuwa ya bure, maelezo yake yalikuwa mafupi, na watu waliokuwa wakiitunza, katika nchi nisizozijua, walionekana kuwa waangalifu. Niliijaribu mchana mzima kwenye sekretaria kabla ya kuanza. Ilifanya kazi bila kosa.

Alhamisi ya wiki ile, baada ya chakula cha mchana, rais wa kwaya alikuja na kurasa za majaribio mkononi. Ni mama mnene wa Uvira, anayeuza vitenge na asiyezoea kusema jambo mara mbili. Aliziweka kurasa juu ya klavie, mama akiwa bado anachapa.

"Mama, wimbo wa kumi na ine. Nilikuambia refreni inaenda nyuma ya beti ya pili. Ona. Iko mbele tena."

"Mi niliirudisha nyuma. Jana asubui, mbele ya kunywa chai."

"Basi ilirudi na miguu yake."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Mzee aliinua macho kutoka kwenye mashine ya fotokopi.

"Ulisove?" aliuliza. Kusove, kwa watu wetu, ni kuhifadhi faili.

"Nilisove, Papa. Kusove najua."

Tulifungua faili. Refreni, yaani kiitikio, ilikuwa mbele, na makosa mengine matatu ya ukurasa ule yalikuwa palepale. Mama aliyatazama muda mrefu. Kisha akayarekebisha tena, mbele yetu wote, na mchana ule masahihisho yakabaki. Hilo lilimharibia zaidi, maana sasa ilionekana kwamba akisimamiwa anaweza.

Wiki ya pili jambo likawa wazi kwa kila mtu isipokuwa kwangu. Alichokisahihisha mama baada ya chakula cha mchana kilibaki. Alichokisahihisha asubuhi kilipotea. Haikuwa mara moja moja, ilikuwa kila siku. Rais wa kwaya alichukua kalamu nyekundu na kuanza kupiga mstari chini ya kila kosa lililorudi, na alipokuwa akipita sokoni alisema kwa sauti kwamba sekretaria ina mchapaji wa nusu siku. Mtu wa benchi akampa mama jina la Mama Apremidi, yaani Mama Mchana kwa Kifaransa chetu, na jina likashika siku ileile.

"Asubui unalala na macho wazi?" walimuuliza. "Ao klavie njo mto yako?"

Njo, kwa watu wetu, ni ndiyo. Alijibu mara ya kwanza na ya pili. Baadaye aliacha. Jumamosi hiyo, na mbili zilizofuata, mzee alipokuwa akigawa malipo alimhesabia michana peke yake.

"Asubui sione kazi," alisema. "Nalipa kazi ile naona."

"Papa, unaniona. Nakaa mbele yako."

"Nakuona umekaa. Kazi sione."

Bado sikuwa na jambo nililokuwa nimelijaribu mara mbili. Lakini nilikuwa nimekaa nyuma yake asubuhi zile zote, na nilijua mlio wa klavie yake. Hakuna mtu anayelala huku akipiga klavie namna ile. Kama kazi yake ilikuwa inafutwa, kitu pekee kilichokuwa kinagusa faili zake kilikuwa programu yangu, na ndani ya programu yangu kitu pekee ambacho sikukiandika mimi kilikuwa maktaba.

Nikaanza na kebo, kwa sababu ndiyo rahisi. Nilibadilisha. Nikabadilisha kisanduku cha mtandao kwa kingine nilichoazima kwa fundi wa redio. Hakuna kilichobadilika. Nikafungua maandishi ya ndani ya maktaba na kuyasoma, mstari baada ya mstari, kwa Kiingereza ninachokifahamu polepole. Nilikaa nayo siku nyingi, wateja wangu wengine wakinisubiri na kompyuta zao zilizokufa. Sikuona kosa. Kuna uchovu wa kutafuta kosa katika kazi ya mtu mwingine ambao sijawahi kuupata mahali pengine: kila mstari unaonekana mzuri, na kila mstari unaushuku.

Mwishowe niliiambia programu initolee muda wa kila faili kama maktaba inavyoutoa. Maktaba haitoi saa na dakika. Inatoa nambari moja ndefu, hesabu ya sekunde. Nikamwomba mama asove wimbo mmoja huku nikimtazama, na papo hapo nikasove faili moja kwenye laptopu. Nambari mbili zile zilipaswa kukaribiana. Ya mama ilikuwa ndogo. Nilitoa moja kwa nyingine na kugawa. Tofauti ilikuwa saa sita, bila hata dakika ya ziada.

Nilifurahi, nakiri. Tofauti iliyonyooka namna ile si ajali ya kebo. Mtu alikuwa ameiandika. Na ilieleza kila kitu: kazi ya mama ya asubuhi ilionekana kwa programu yangu kana kwamba ilifanywa kabla ya alfajiri, yaani kabla sijaweka nambari za kurasa, kwa hiyo nakala zangu zikashinda na kumfuta. Kazi ya mchana, hata ikipunguzwa saa sita, bado ilikuwa mpya kuliko yangu, ikapona. Nikachukua ramani ya majira ya dunia. Nchi zilizo nyuma yetu kwa saa sita ziko upande wa Amerika. Nikaamua kwamba watunzaji wa maktaba wanaishi huko, na kwamba kwa uzembe walikuwa wameacha majira ya kwao ndani ya kazi wanayoigawia dunia nzima.

Niliwaandikia. Nilieleza hatua zangu kwa mpangilio, nikaambatanisha nambari, na nikamaliza kwa kusema kwamba huku kwetu kuna mama anayekatwa malipo kwa sababu ya saa zao sita. Jibu lilikuja siku mbili baadaye. Mtu mmoja alinishukuru, akasema maktaba haigeuzi muda wa faili bali inaufikisha kama ilivyoupokea, na akaniomba nitazame kitu kimoja tu: saa ya kila mashine ilikuwa inasoma nini, kwa wakati uleule.

Niliona kama ananidharau. Hata hivyo nilikwenda. Nilitazama kona ya mashine kubwa: saa tatu na dakika ishirini. Nilitazama laptopu yangu: saa tatu na dakika ishirini. Nikamjibu kwamba nimezitazama saa zote mbili na zinalingana hadi dakika.

Akaandika kwamba, ikiwa ni hivyo, hawezi kulipata kosa, na akalifunga lalamiko langu. Chini yake palikuwa na alama ndogo ya kijani ya kuonyesha kwamba jambo limekwisha. Niliitazama alama ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Basi nikafanya kile ambacho mtu hufanya akikosa kusikilizwa. Niliongeza kwenye programu yangu mstari mmoja: kila muda unaotolewa na maktaba, jumlisha saa sita. Jioni ile masahihisho ya asubuhi ya mama yalibaki. Kesho yake pia. Wiki nzima hakuna kilichorudi na miguu yake. Mama alianza tena kuimba kimyakimya anapochapa.

Nilimweleza mzee kwamba kosa lilikuwa la maktaba, si la mama, na kwamba nimelizunguka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile maktaba iko wapi?" aliuliza.

"Iko ndani ya programu."

"Mi sijaiona. Naona Mama sasa anatumika asubui. Nilimukata, akaamuka."

Kutumika kwetu ni kufanya kazi, na mama alikuwa palepale akisikia. Aliacha kuimba.

Hilo ndilo lililokuwa gumu kumeza. Kadiri kazi ilivyokwenda vizuri, ndivyo ilivyothibitika kwamba mwanzoni alikuwa mvivu. Nilikuwa nimemsaidia kuonekana na hatia. Alianza tena kulipwa siku nzima, lakini zile asubuhi zilizokatwa hazikuzungumzwa tena, na jina la Mama Apremidi halikuondoka. Siku moja, tukiwa wawili tu, aliniambia bila hasira, "Nilifundisha batoto myaka mingi. Hakuna hata muzazi moja aliniita muvivu. Nimekuja kuisikia huku."

Nilimuahidi kwamba nitaleta ushahidi ambao mzee anaweza kuuona kwa macho. Sikuwa nao.

Kitabu kilipokuwa tayari, nilichukua laptopu na kwenda Nsungwi. Mpiga chapa ni Mmalawi wa umri wangu, mwenye chumba kimoja kilichojaa harufu ya wino. Tunaelewana kwa Kichewa changu kidogo na Kiswahili chake kidogo zaidi, na maneno yake nayaandika hapa kwa maana yake. Ananiita achimwene, yaani kaka. Yeye pia ana folda ya pamoja kwenye mashine yake, ambamo alikuwa na nakala ya zamani ya nyimbo niliyompa mwanzoni ili ajaribu ukubwa wa kurasa. Nikachomeka kebo, nikabonyeza, nikakubali chai aliyonimiminia.

Tulipofungua kitabu, wimbo wa kumi na nne ulikuwa na refreni mbele.

Nilifungua wa kumi na tano, wa ishirini, wa arobaini. Zote zilikuwa za zamani. Nakala yake ilikuwa imenakiliwa juu ya yangu, na kwenye laptopu hapakubaki hata sahihisho moja la mama. Nilijua kwamba mashine kubwa ya Dzaleka bado ilikuwa na kazi yote. Lakini rais wa kwaya alikuwa ameshatangaza kanisani siku ambayo vitabu vitapatikana, na mzee alikuwa anasubiri kuona kama asubuhi za mama zimo.

"Umezigusa lini hizi?" nilimuuliza mpiga chapa.

"Leo. Saa kumi na mbili, umeme ulipokuwepo. Nilipunguza pambizo tu."

Nilitoa nambari ya sekunde na kuigeuza kuwa saa. Maktaba ilisema saa kumi na mbili asubuhi. Ilisema kweli. Hapakuwa na saa sita zilizopungua. Ni mimi niliyeziongeza, zikaifanya kazi yake ya alfajiri ionekane ya adhuhuri, ikaishinda kazi yangu ya saa moja na dakika kumi. Maktaba ileile, laptopu ileile, na mashine mbili. Kwa mpiga chapa ilisema ukweli, kwa mzee ilipunguza. Kwa hiyo kosa halikuwa ndani ya maktaba. Lilikuwa Dzaleka, ndani ya mashine niliyoitazama kila siku.

"Saa ya mashine yao inasoma nini?" aliuliza mpiga chapa.

Lilikuwa swali lilelile la mtunzaji wa maktaba, na nilikaribia kumjibu kwa ukali uleule. Badala yake nilimpigia mama simu na kuweka sauti nje.

"Mama, nisomee saa iko kwa kona ya masini."

"Saa ine na dakika makumi ine."

Mbele yangu, kwenye kona ya mashine ya mpiga chapa, palikuwa pameandikwa kumi na arobaini. Saa nne na dakika arobaini. Nilitaka kumwambia mpiga chapa kwamba zinalingana. Nikajizuia.

"Usinifasirie, Mama. Nisomee namba gani imeandikwa."

"Ine. Kiisha bidoti bibili. Kiisha makumi ine."

"Haiandike kumi?"

"Kumi itatoka wapi? Ni saa ine."

Mpiga chapa, ambaye namba za Kiswahili anazijua kwa sababu ya wateja wake, alianza kucheka polepole. "Achimwene," alisema, "mbona huko kwenu bado usiku?"

Mmalawi akisoma nne kwenye saa, anasoma alfajiri. Mimi nikisoma nne, nasoma muda wa chai. Na nikisoma kumi kwenye laptopu, nimezoea tangu zamani kuigeuza kichwani kuwa nne, bila kujua kwamba nageuza. Kila siku nilikuwa nimeitazama mashine ya mzee ikionyesha tatu na ishirini, na laptopu ikionyesha tisa na ishirini, na macho yangu yalikuwa yamesoma saa tatu na dakika ishirini mara mbili. Mtu yeyote asiyehesabu saa kama sisi angeliona kosa lile kabla ya kuvua kofia. Nilikaa pale na chai ikipoa, nikifikiria alama ndogo ya kijani.

Mzee hakukana. Nilipomweleza jioni ile, alishangaa tu kwamba nilikuwa silijui.

"Njo mi niliiweka vile," alisema. "Masini ilikuja na saa ya hapa. Kikaratasi cha kuchukulia picha kinaandika nane, muntu anakuja saa nane, kumbe nane yake ilikuwa asubui. Bantu bananitukana. Nikarudisha saa nyuma, sasa kila mutu anasoma saa yake. Kuanzia pale hakuna alikosa picha."

"Lakini mashine inaamini kwamba sasa ni usiku, Papa. Ikiandika faili, inaandika saa ya usiku. Programu yangu inaona kazi ya mama ni ya zamani, inaifuta."

"Basi programu yako njo haijue saa ya kwetu."

"Mashine haina saa ya kwetu. Ina saa moja tu."

"Mi sitabadirisha. Utasimama kwa mulango kuelezea bantu?"

Alikuwa na wateja wanne kwenye benchi, na wote waliniangalia kama mtu aliyekuja kuwaondolea saa yao. Nilirudi kwenye meza ya nyuma. Kubishana kungenichukua wiki nyingine, na mama hakuwa na wiki nyingine.

Njia niliipata ndani ya hasira yangu ya zamani kuhusu majira ya Amerika. Mashine hujua mambo mawili: wakati wa kweli, na mahali inapoishi. Kutokana na hayo mawili ndipo inapotoa tarakimu za kwenye kona. Nikairudishia wakati wa kweli, kisha nikaidanganya kuhusu mahali. Niliiambia inaishi kwenye kisiwa kimoja cha Karibi, nyuma yetu kwa saa sita, ambako saa hazibadilishwi na majira. Tarakimu za kwenye kona hazikusogea. Mzee aliinama, akatazama, akaona saa kumi na moja kama alivyotaka, akarudi kwenye fotokopi yake. Lakini ndani sasa faili ziliandikwa kwa wakati unaolingana na wa dunia nzima. Niliufuta mstari wangu wa saa sita na kunakili upya faili zote za mama kwenye laptopu. Nikamwomba mama asove wimbo mmoja, nami nikasove mmoja. Nambari zilipishana kwa sekunde mbili.

Niliwaandikia watunzaji wa maktaba kwamba saa hazikuwa zinalingana, na kwamba kosa halikuwa lao. Nilianza kueleza jinsi sisi tunavyohesabu saa tangu jua linapochomoza, nikaona maelezo yanakuwa marefu, nikafuta. Mtu yule alinijibu kwa picha ya kidole gumba.

Yalibaki malipo. Nilifanya jaribio mbele ya mzee, kwa mpangilio, kama nilivyomuahidi mama. Nilirudisha saa ya zamani, mama akasahihisha neno moja asubuhi, nikaendesha programu, neno likarudi katika kosa lake mbele ya macho yake. Alitazama mara mbili. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Nimeona," alisema.

"Basi zile asubuhi alitumika, Papa. Ulimkata kazi aliyoifanya."

Alivua miwani na kuifuta kwa pindo la shati. "Aliifanya asubui ikafutika, akaifanya tena mchana, nikamulipa mchana. Kwaya inanilipa kitabu kimoja. Nilipe kazi moja mara mbili na franga ya nani?"

"Saa ni yako."

"Na kufuta ni kwako."

Sina hakika hata leo ni nani kati yetu aliyekuwa na haki zaidi, na swali hilo limenichosha. Mama ndiye aliyezungumza, bila kugeuka kutoka kwenye klavie.

"Mi sikuomba franga. Nilitaka Papa aseme kama nilitumika. Aseme na bale ba pale basikie."

Bale ba pale walikuwa watu wa benchi. Walikuwa wanasikia tayari. Mzee alivaa miwani. Ni mtu ambaye hajazoea kusema jambo la aina hiyo, na alilisema akiangalia mashine.

"Mama alikuwa anatumika asubui. Masini njo ilikuwa inalala."

Walicheka, kwa sababu ilikuwa na kichekesho, na mama naye alitabasamu kidogo. Sijui kama kicheko kile kilimsafisha au kilimaliza tu mazungumzo. Vitabu vilipotoka Nsungwi, refreni ya wimbo wa kumi na nne ilikuwa nyuma ya ubeti wa pili. Rais wa kwaya alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule, akausoma wote, akafunga kitabu. "Sawa, Mama Apremidi," alisema, na hakuwa na nia mbaya. Jina limebaki. Hata wateja wageni wanalitumia, wakidhani linatokana na kuzaliwa kwake mchana.

Nilipolipwa elfu zangu sitini, nilihesabu zile asubuhi zilizokatwa, zikawa kumi na nane, nikampelekea mama fedha zake nyumbani kwake ndani ya bahasha. Alikataa, nikaiweka juu ya meza, akaniambia kwamba si mimi niliyepaswa kuileta. Nilimwambia najua. Mzee hajaniuliza hadi leo, nami sijamwambia. Kwangu mimi, saa ile iliyosomeka sawasawa iligharimu kwacha elfu ishirini na saba.